Kwarteti ya Nyumba Nyekundu

Mokgadi Mothapo alikataa kutia sahihi kwa mara ya tatu. Aliirudisha kalamu mezani taratibu, kama mtu anayerudisha kijiko cha wenyewe, akaiweka mikono yake yenye pingu mapajani na kumtazama baba yake mdogo usoni.

"Sijaiba," alisema. "Na siombi radhi kwa jambo nisilolifanya. Hata mkitaka kunizika pamoja na baba, nizikeni."

Baba mdogo huyo, Phuti Mothapo, alimgeukia Sajini Mahlodi Tladi kama kwamba sajini ndiye aliyemlea vibaya mtoto. Karatasi iliyokuwa mezani ilisema kwamba Mokgadi alizihamisha CD zote za marehemu baba yake, Ntate Lesiba, kutoka chumba cha uani, kwamba anauomba radhi ukoo, na kwamba atazirudisha. Akitia sahihi, familia ingefuta kesi na kesho asubuhi angesimama kaburini na wenzake. Asipotia, angelala mahabusu mpaka Jumatatu, na baba yake angefukiwa yeye akiwa nyuma ya nondo. Kapteni Nkuna, mkuu wa kituo kidogo cha Mabotsa, aliuona mpango huo ni mzuri mno. Alikuwa amemwagiza Mahlodi aumalize kabla ya jua kuzama.

Mahlodi alimwomba Phuti atoke nje kidogo. Phuti alisita, akaiangalia karatasi, akatoka.

"Asubuhi ile ya Jumanne, baba yako alipofariki," Mahlodi alianza, "jirani alikuona ukipakia maboksi kwenye gari."

"Yalikuwa vyombo. Sahani na vikombe vya chama cha mazishi. Tuliviazima Jumapili kwa maombi ya mgonjwa, nikavirudisha vioshwe, maana msiba ulikuwa umeshaingia na vingehitajika tena. Nimeyasema haya mpaka nimechoka."

"Nani alizitaka CD za baba yako?"

Kwa mara ya kwanza tangu akamatwe, Mokgadi alicheka. "We Sajini, uliza nani hakuzitaka. Klabu nzima ilikuwa inazimezea mate."

Klabu hiyo iliitwa Klabu ya Mmino, yaani ya muziki. Mahlodi aliijua kama kila mtu wa Mabotsa alivyoijua: wazee waliovaa suti na kofia, viatu vya rangi mbili, waliokutana Jumapili mchana nyumbani kwa mmoja wao, kila mtu na mkoba wake wa CD za jazz. Mmoja anaweka muziki wake, anaingia katikati, anacheza peke yake, wenzake wanamhukumu kwa miluzi. Sheria zao zilikuwa mbili. Ya kwanza ilisema asiye na CD halisi, yenye jalada lake, hachezi, na mtu aliyekutwa na nakala alitaniwa mpaka akahama mtaa. Ya pili haikuandikwa popote, ila kila mwanamke aliijua.

"Nimewaomba nipige saksafoni mbele yao tangu nina miaka ishirini," Mokgadi alisema. "Wananiambia nikaangalie utumbo jikoni usiungue. Na kaburini kesho pia wamekataa. Wanasema mwenzao Bra Tlou ana mashine, muziki utatoka humo."

"Mashine gani?"

"Seva. Amehamishia CD zake zote mule ndani. Alimbembeleza baba naye amhamishie za kwake, bure kabisa. Baba akamwambia heri anihamishe mimi humo kwanza."

Mahlodi alitaka kujua saksafoni alifundishwa na nani. Mokgadi alijibu kwamba alifundishwa na baba yake, katika chumba kile kile cha uani, akipigiwa CD na kuambiwa aifuate.

Mahlodi aliichukua karatasi, akaikunja, akaitia mfukoni. Nje ya mlango Phuti aliuliza kama tayari. Mahlodi alimjibu kwamba bado, na kwamba angependa kuiona nyumba mara moja zaidi.

*

Jirani aliyeona maboksi aliitwa Mma Ramoba, na alikuwa ameyasimulia kwa watu wengi hata maboksi yenyewe yalikuwa yameongezeka. Mahlodi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza swali moja tu: yalipokuwa yakibebwa, yalilia vipi?

Mma Ramoba alifikiri. "Yalilia kling-kling. Kama vikombe."

"Hayakulia kavu, kama plastiki?"

"Ah-ah. Vikombe." Kisha akayaelewa aliyoyasema. "Lakini hakuna aliyeniuliza habari ya mlio, mwanangu."

Mahlodi aliandika. Kisha akaingia uani kwa akina Mothapo, ambako wanawake walikuwa wakikatakata kabichi ya kesho na sufuria za watu wengi zilikuwa zimeshapangwa kando ya ukuta. Kitasa cha chumba cha uani hakikuwa kimeguswa na bisibisi wala nondo. Aliyeingia aliingia na ufunguo. Funguo zilikuwa mbili: mmoja wa marehemu, uliokutwa katika suruali aliyokwenda nayo hospitali, na wa pili ulikuwa kwa Phuti. Mahlodi alimuuliza kama aliwahi kumwazima mtu, naye Phuti alikana kabla swali halijaisha. Mtu anayejibu mbio hivyo Mahlodi humwekea alama, ila hakumwambia.

Ndani, rafu zilikuwa tupu kuanzia sakafuni mpaka darini. Kwenye meza palibaki vitu ambavyo hakuna mwizi angevitaka: mkasi, gundi iliyokauka mdomoni, kasha tupu la CD, na vipande vya karatasi ya picha vilivyokatwa pembeni. Kipande kimoja kilikuwa chekundu, na ukingo wake ulikuwa na herufi mbili za kuchapishwa. Askari wa kwanza waliofika hapo waliviona ni takataka. Mahlodi alivitia kwenye mfuko wa vielelezo, akijiuliza mzee wa miaka sabini alikuwa anakatia nini picha.

Chai aliyonyweshwa na Mma Ramoba ilimbana. Aliuliza choo, akaelekezwa nyuma ya nyumba, kwenye kile cha zamani kilichobaki tangu mtaa ulipojengwa. Ukuta wake ulikuwa mwekundu, mlango mwekundu, na bawaba ya juu iliyovunjika ilikuwa imebadilishwa kwa kipande cha mkanda wa suruali, kifungo chake cha chuma kikiwa bado kipo. Mkanda huo ulimbana kidole alipokuwa akifunga. Alitukana kimyakimya, akatoka akikinyonya.

Simu ililia akiwa bado uani. Kapteni Nkuna alitaka kujua sahihi iko wapi. Mahlodi alimwambia kwamba shahidi mkuu amebadili maneno na kwamba anahitaji kumtoa mshukiwa kwa ajili ya utambuzi wa mali. Kapteni alisema hapana. Mahlodi alisema mtandao unakatika, akaizima simu.

Aliporudi kituoni kumchukua Mokgadi, alitia sahihi kwa askari wa zamu, na akaomba apewe pia saksafoni aliyokuwa nayo Mokgadi alipokamatwa. Askari aliuliza kwa nini. Mahlodi alimwambia ni kielelezo, na askari akaitoa.

*

Gereji ya Bra Tlou Seshoka haikuwa imeona gari kwa miaka mingi. Kuta tatu zilikuwa na rafu za CD, ukuta wa nne ulikuwa na runinga kubwa, na chini ya runinga, juu ya kitambaa cha kufuma, kilikaa kisanduku cheusi kisichozidi Biblia kwa ukubwa. Wazee wa klabu walikuwa wamejaa, wamevaa nyeusi kwa heshima ya mwenzao, glasi mkononi. Phuti alikuwapo pia, amekaa karibu na mlango. Walipomwona Mokgadi anaingia na pingu, mazungumzo yalikatika.

"Sajini, huyu umemleta afanye nini hapa?" Bra Tlou aliuliza. Alikuwa mrefu, mtanashati, mwenye leso ya hariri mfukoni. "Sisi tunamlilia baba yake."

"Amekuja kuangalia," Mahlodi alisema. "Na mimi nimekuja kujifunza. Nasikia muziki wa kesho utatoka kwenye mashine yako. Inafanyaje kazi?"

Hapo alikuwa ameligusa donda tamu. Bra Tlou alieleza kwa raha zote. CD inaingizwa kwenye kompyuta, kompyuta inainyonya bila kupoteza hata punje ya sauti, inaulizia kwenye intaneti hii ni ipi, jina na picha ya jalada vinakuja vyenyewe. CD ikiwa adimu mno, intaneti ikawa haiijui, basi mwenyewe anaandika jina kwa mkono na kulipiga picha jalada. Kisha yote yanakaa kwenye seva, na nyumba nzima inaweza kusikiliza; akamwonyesha hata pa kubonyeza kuona maelezo ya kila moja.

"Na zote ni zako?"

"Kila moja. Halisi." Alizinyooshea mkono rafu. "Klabu inajua. Mimi si mtu wa nakala."

Wazee waliitikia kwa kunguruma. Mahlodi aliomba rimoti, akaanza kupitisha majalada kwenye runinga, safu baada ya safu. Hakujua anatafuta nini. Alikuwa amefika mbali, wazee wameshaanza kupiga miayo, kidole chake kiliposimama chenyewe, kile kile kilichobanwa.

Lilikuwa jalada jekundu. Picha ilikuwa imepigwa kwa karibu, alfajiri, ukungu umetanda, na juu yake yalichapishwa maneno: Kwarteti ya Nyumba Nyekundu. Ulionekana ukuta, na nusu ya mlango. Juu ya mlango, mahali pa bawaba, palikuwa na mkanda wenye kifungo cha chuma.

"Hii ni ya nani?" Mahlodi aliuliza.

Gereji nzima ilisimama. Mzee mmoja aliivua miwani yake, akaivaa tena. Wote walizungumza kwa pamoja, na Mahlodi alihitaji muda kuyapanga maneno yao. Kwa miaka mingi Ntate Lesiba alikuwa akiifunga Jumapili kwa muziki huo. Aliwaonyesha jalada kwa mbali, akauweka, akacheza, akaukata kabla haujaisha, akaenda zake. Hakuna aliyepata kujua bendi hiyo ni ya wapi. Waliandika kwa maduka ya Ulaya, waliwatuma watoto wao waliokuwa ng'ambo, wakakosa. Mzee mmoja alisema mpiga saksafoni yule alimfanya alie siku ya harusi ya bintiye. Mwingine alisema hajasikia pumzi kama ile tangu azaliwe.

"Tlou," alisema mwenyekiti wao, Ntate Mashaba, "unayo Nyumba Nyekundu na umenyamaza?"

Mahlodi alimtazama Bra Tlou. Kulikuwa na njia rahisi ya kutoka. Angesema tu, "Lesiba alinipa nikanakili," na sajini asingekuwa na la kumshika, maana marehemu hajibu. Lakini wenzake wote walikuwa wanamtazama, tena kwa wivu ule alioutafuta maisha yake yote, na kusema amepewa nakala kulikuwa kufa akiwa amesimama.

"Ninayo," Bra Tlou alisema, akainyoosha leso yake. "Halisi. Niliinunua Rotterdam, kwa mzee mmoja wa duka la pembeni. Nilikuwa naiwekea siku maalumu."

"Mwaka gani?"

"Zamani. Kabla ya Lesiba kuipata ya kwake."

"Na kwenye seva umeiingiza lini?"

"Desemba huko."

Mahlodi alibonyeza mahali ambapo yeye mwenyewe Bra Tlou alikuwa amemwonyesha dakika chache nyuma. Tarehe ya kuingizwa ikatokea chini ya jalada. Ilikuwa Jumanne ile ambayo Ntate Lesiba alilala mochwari na familia yote ilikwenda kumtambua.

Bra Tlou alisema saa ya kompyuta inakosea mara kwa mara. Mahlodi alikubali kwamba saa hukosea. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua tu, mpiga saksafoni ni nani. Ni Mholanzi mmoja, alisema Bra Tlou, amekwisha kufa. Na nyumba iliyo kwenye picha? Ni studio yao, alisema, ipo karibu na bandari, yeye mwenyewe alifika akaugusa ukuta wake.

Kicheko kilitoka nyuma. Mokgadi alikuwa ameinama, mabega yanamtikisika, pingu zinagongana.

"Bra Tlou," alisema alipopata pumzi, "hicho ni choo chetu."

Wazee wote waliigeukia runinga.

"Mkanda ule ni wa suruali yake ya kazini. Bawaba ilikatika mwaka niliomaliza shule, akaufunga pale. Ulinibana vidole miaka yote. Ntate Mashaba, wewe mwenyewe umekitumia Jumapili ngapi? Umekaa mle ndani ukiitafuta Ulaya."

Mwenyekiti aliisogelea runinga, akachungulia mkanda kwa muda mrefu. "Ni chenyewe," alisema, kwa sauti ya mtu aliyepigwa na mtu anayempenda.

Mahlodi alikitoa mfukoni kile kipande chekundu, akakiweka kwenye kioo cha runinga, ukingo kwa ukingo. Herufi mbili za mwisho za jina zilikuwa zile zile. Akaeleza kwa kifupi. Hakukuwa na duka wala Rotterdam. Ntate Lesiba alilitengeneza jalada kwa mkasi na gundi, moja tu, na bendi hiyo ilikuwapo Jumapili kwa Jumapili kwa sababu yeye alisema ipo. Intaneti isingeweza kuijua. Aliyeliandika jina lake kwenye seva alilisoma kutoka kwenye jalada lile lile lililokuwa chumba cha uani, na alilisoma Jumanne.

"Basi lete hiyo halisi yako," Mahlodi alimalizia. "Tuione."

Bra Tlou alisema amemwazima mtu. Alipoulizwa nani, mke wake, Mma Seshoka, aliyekuwa ameleta sahani za ugali na utumbo na kusimama nazo muda wote mlangoni, alijibu badala yake.

"Angalieni kabati langu la nguo," alisema. "Nguo zangu ziko kwenye mifuko ya plastiki tangu Jumanne hiyo. Nimemwambia azitupe hizo CD kama ameshazihamisha. Hawezi. Anakwenda kuzipapasa."

Ndipo Phuti aliponyanyuka karibu na mlango na kusema, kabla hajaulizwa, kwamba yeye alitoa ufunguo tu, kwamba Tlou alimwambia anakwenda kuchagua nyimbo za mazishi, na kwamba alipoona rafu tupu aliogopa ukoo utamlaumu yeye. Mahlodi alimwambia akae chini. Kumbe mtoto wa ndugu yake alitakiwa kuomba radhi ili yeye asiulizwe habari ya ufunguo. Hasira ilimpanda Mahlodi mpaka masikioni, na hakuificha.

"Uweke," Mokgadi alisema.

"Nini?"

"Muziki. Mimi sijausikia. Siku zote nilikuwa jikoni."

Mahlodi alibonyeza. Saksafoni ilitoka peke yake, bila ngoma wala besi, nyembamba mwanzoni, kisha ikajaa gereji yote. Hakukuwa na kwarteti, hakukuwa na wapigaji wanne. Wazee waliinamisha vichwa kwa mazoea. Mokgadi alikuwa ameganda. Kisha vidole vyake vikaanza kutembea juu ya mnyororo wa pingu, hewani, kila kimoja mahali pake, sambamba na muziki, bila kukosea hata mara moja. Ntate Mashaba ndiye aliyeviona kwanza. Akamgusa mwenzake, na mwenzake akamgusa mwingine, mpaka wote wakawa wanavitazama vile vidole.

Muziki ulifika pale ambapo Ntate Lesiba alikuwa akiukata. Mara hii hakuna aliyeukata. Uliendelea kidogo, ukafifia, kukawa na kimya chenye mlio wa chumba. Kikohozi kikasikika, kikohozi ambacho kila mtu mle ndani alikifahamu, halafu sauti ya mzee, karibu kabisa na kipaza sauti.

"Vizuri, Mokgadi. Ila pale katikati uliogopa. Rudia."

Rekodi iliishia hapo.

Ntate Mashaba aliivua kofia yake. Wengine walifuata mmoja mmoja, na yule wa harusi ya bintiye alikuwa analia waziwazi, bila kujifuta. Mahlodi alizifungua pingu za Mokgadi na kumtazama Bra Tlou, ambaye alinyoosha mikono mwenyewe bila kuambiwa. Nje, gari la kituo lilikuwa limeshaegesha, na Kapteni Nkuna alikuwa akiteremka kwa kishindo kuja kuulizia sahihi yake.

Mahlodi aliitoa mfukoni ile karatasi na kumpa Mokgadi. Mokgadi hakuisoma. Alivuka chumba, akaitia mkononi mwa Phuti.

"Hii kaitundike kule nyuma, baba mdogo. Kwenye Nyumba Nyekundu. Kutakuwa na watu wengi kesho, itawafaa."

Mwenyekiti aliuliza, kwa unyenyekevu ambao hakuwahi kuutumia kwa mwanamke, kama kesho kaburini angekubali kupiga.

"Sikuja kuombwa," Mokgadi alisema. "Ningepiga hata mngekataa. Ningesimama juu ya ukuta wa makaburi nikapiga."

Alilifungua kasha la saksafoni, akaulamba mwanzi mwembamba wa mdomoni mwake mpaka ukalainika, akasimama katikati ya gereji, mahali pale ambapo wanaume peke yao walikuwa wakisimama. Kapteni aliingia na kufungua mdomo, na Ntate Mashaba akamwonyesha kidole anyamaze. Mokgadi aliurudia muziki wote tangu mwanzo, na alipofika pale katikati hakupunguza.